Mjadala: Ukame ukirefuka, je, mgawo wa maji Mwanza uwe sawa kwa kila mtaa?

Mchangiaji aliyetangulia amependekeza kwamba ukame ukirefuka, kila mtaa wa Jiji la Mwanza upewe idadi ileile ya siku za maji, ili pasiwe na manung'uniko. Kwa juu juu ni haki. Mimi naipinga hoja hiyo.

Mgawo wa namna hiyo haumbani mwenye tenki la lita 10,000, kwa sababu siku ya zamu yake hulijaza na kuendelea kumwagilia bustani, ilhali mpangaji wa Mabatini au wa milimani Igogo, mwenye ndoo tatu na madumu mawili, hukaukiwa kesho yake na kuanza kununua kwa wenye mikokoteni, ambao bei yao, ukiipigia hesabu ya uniti moja ya lita 1,000, huipita mbali ile ya mamlaka ya maji. Isitoshe, maji yakifunguliwa kwa saa chache, walio bondeni huchota kwanza, na presha inapopanda hadi kwenye miamba, muda wa kufunga umekwisha kufika. Ratiba ni sawa, koki si sawa.

Wapo wanaodai kwamba sisi wa kando ya ziwa hatuna sababu ya kubana chochote. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 hivi tu, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, wala si mito. Kati ya 2004 na 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi mno yaliyoachiliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Tena chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, kinachovuta maji ya ziwa hilohilo, sasa kinanywesha Shinyanga, Kahama hadi Tabora.

Nchini Marekani, katika jimbo la California, gavana Jerry Brown aliagiza Aprili 2015 matumizi ya maji mijini yapungue kwa asilimia 25. Mzigo haukugawanywa sawa: maeneo mengi yaliyokuwa yakitumia kidogo kwa kila mkazi yalitakiwa kupunguza asilimia 8, na yaliyotumia mno asilimia 36. Mashamba, yanayotumia maji mengi kuliko miji, hayakuwekewa lengo hilo. Hapo, kwa maoni yangu, serikali iliwakwepa wenye nguvu.

Kwetu dira za maji zipo tayari. Napendekeza kila kaya ihakikishiwe kiasi cha msingi kwa bei ya kawaida, kisha bei ipande kwa kasi kwa anayezidisha, zikiwamo hoteli na sehemu za kuoshea magari. Na kabla ya kufunga mtaa wowote, mamlaka itangaze kiasi kinachovuja njiani. Anayetetea siku sawa atueleze: mtaa ambao maji hayaupandi katika saa za zamu yake utafidiwaje?