Mjadala: Tabia ifundishwe na kupewa alama kama hesabu?

Wadau, mwalimu mwenzangu ameniambia: "Kipaji mtu huzaliwa nacho, na bidii vilevile. Sisi kazi yetu kusimamia tu." La kipaji namwachia. La bidii nakataa.

Nilikuwa na mwanafunzi wa hesabu anayemaliza zoezi kabla sijafuta ubao. Siku swali lilipomgomea, alifunga daftari, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, hakurudi mpaka kengele. Jirani yake wa dawati alikuwa mzito, anafuta mpaka karatasi inatoboka. Lakini huyo alikuja kwangu kidole kikiwa juu ya mstari: "Mwalimu, nimekwama hapa." Hilo hakuzaliwa nalo. Nilimzoesha muhula mzima: ukija na "sijaelewa" tupu, unarudi kukaa.

Tena kuna mradi wa Perry, ulioanza 1962 huko Ypsilanti, Michigan, Marekani. Watoto 123 wa familia maskini, nusu hivi wakasomeshwa chekechea. Alama zao za akili zilipanda, na miaka michache baadaye zikawa sawa na za wenzao wasioisoma. Ungesema pesa imeliwa bure. Lakini walipofika miaka 40, waliosoma ile chekechea walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Mwanauchumi James Heckman na wenzake wanaona tabia ndiyo iliyochangia sana.

Sasa, tuiweke kwenye ripoti?

Mchangiaji: Fundisha, alama acha. Unakumbuka jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel, mtoto asubiri ili apate peremende mbili badala ya moja? Tuliambiwa linabashiri maisha yake. Liliporudiwa kwa watoto wengi zaidi, matokeo ya 2018 yalionyesha uhusiano wa nusu tu ya ule wa mwanzo, na hali ya nyumbani ilipoingizwa kwenye hesabu ukapungua zaidi. Mtoto aliyezoea kuahidiwa na kunyimwa asubiri nini? Utampa sifuri ya subira kwa makosa ya wakubwa.

Mwanzisha mada: Hapo umenibana, alama nafuta. Ila usinipeleke kwenye umaskini peke yake. Yule wa chooni kwao hakukosekana kitu.

Mchangiaji: Na yeye ulimfundisha nini?

Mwanzisha mada: Yeye nilikuwa namsifia tu, kila siku, mbele ya darasa zima: "Huyu ana kichwa."