Naombeni ushauri, nyie wenzangu mnapumzika saa ngapi?

MamaWaChanika
Habarini wanajukwaa. Naombeni mnishauri bila matusi tafadhali, na wale wa "tafuta hela" mkae pembeni kwanza maana hela ndo nazitafuta hapa mpaka nimeishiwa pumzi.

Niko ofisi moja ya kliringi, tunatoa mizigo ya wateja bandarini, maeneo ya Posta, naishi Chanika. Naamka saa kumi alfajiri, chai, watoto, sala naswali haraka haraka, saa kumi na moja na kitu niko kituoni nagombania daladala na watu walioamka saa tisa. Mchana nakula huku nabonyeza mfumo maana kontena la mteja liko bandarini na storeji, hela ya kulikalisha pale, inahesabika. Jioni foleni ya Nyerere Road, nafika nyumbani saa tatu usiku, mtoto ana homuweki, baba yao anauliza leo mboga gani.

Mtasema wikiendi. Wikiendi ipi jamani? Jumamosi kikoba na mimi ndo mweka hazina, Jumapili kikao cha harusi ya mtoto wa baba mdogo, hapo sijataja kichen pati ambayo kitenge cha sare kinauzwa kwa bei ya kiroba cha unga. Ukitokea msiba ndo basi tena.

Na sio kwamba nataka usingizi, usingizi nalala hata nikiwa nimesimama nimeshika bomba la daladala. Nataka muda wa kukaa NIWAZE. Bosi kaniuliza kama niko tayari kuhamia tawi letu la Tunduma, anataka jibu mwisho wa mwezi, na kila nikianza kulifikiria simu inaita. Juzi nimekaa barazani kimya, mume akaja "una nini? nani kakukera?" Nikasema sina kitu, akanuna yeye. Nyie mnafanyaje?

Konda_Mstaafu
Tunduma hapo kuna nini cha kuwaza dada, malori yote ya Zambia na Kongo yanapita pale, nenda ukale hela 😂

MamaWaChanika
Nimesema wa hela mkae pembeni kaka.

Shangazi_Tabata
Mwanangu pole. Mimi niko na umri wa kukuzaa kwaiyo nisikilize. Huo uweka hazina usiuache leo, ukiuacha katikati watasema umekula hela za watu, subiri mkivunja kikoba mwisho wa mwaka, hesabu zisomwe mbele ya wote, hapo hapo useme awamu hii apewe mwingine. Usitoe sababu ndefu. Ukitoa sababu watu wanaanza kuijadili sababu yako.

Harusi nayo, toa mchango wako mapema. Mtu aliyemaliza ahadi yake kwenye kikao hatafutwi, anayetafutwa ni yule aliyeahidi laki na bado hajatoa hata buku. Utaenda siku ya sherehe, utacheza, utakula pilau, basi. Vile vikao vya kubishana rangi ya mapambo mpaka saa moja usiku mimi nilishaviacha na hakuna harusi iliyokwama kwa sababu yangu.

Mtu_wa_Watu
Shangazi kwa heshima zote napinga. Dar hii usipoonekana kwa wenzio na wewe siku yako watatuma emoji tu. Nimeona msiba hapa Kitunda watu wa kubeba jeneza tumewatafuta kwa tochi, marehemu alikuwa mtu wa "niko bize".

Shangazi_Tabata
Msiba nimeutaja wapi? Msibani lazima uende. Nazungumzia vikao vya rangi ya mapambo.

Sabato_Njema
Sisi Wasabato hili tulishamaliza. Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua linazama hunipati, sifungui duka, sipokei simu ya biashara. Mwanzo wateja walinuna ila sasa hivi hata wenye mali Kariakoo wanajua, wananipigia Alhamisi. Sisemi uje kwetu dada, ila uzoefu wangu watu wakishakuzoea na siku yako wanaipanga ratiba yao kuizunguka. Ukiwaambia "nitaangalia nafasi" ndo wanakumaliza. Hata nyie Waislamu si mna itikafu kumi la mwisho la Ramadhani, mtu anaingia msikitini na familia nzima inaelewa, hakuna anayeuliza kakerwa na nani.

Wakili_Uchwara
Ngoja nimsaidie kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukipiga kazi saa 5 mfululizo unatakiwa upewe mapumziko ya saa 1. Kula huku unabonyeza mfumo sio mapumziko, hiyo ni kazi yenye wali. Kwa wiki saa za kawaida zisizidi 45, na kila wiki kuna saa 24 za kupumzika. Na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Swali langu dada, za mwaka huu uko nazo au zimeishia wapi?

MamaWaChanika
Nilichukua nusu nikaenda kumuuguza mama Lushoto, nusu bado ziko.

Wakili_Uchwara
Sasa unalia nini, omba hata tano kabla hujajibu hilo la Tunduma. Andika kwa barua au imeili, usiombe kwa mdomo kwenye korido.

Pantoni_Daily
Mimi mkazi wa Kigamboni, siri yangu ni kivuko. Sio ile ya jioni mnabanwa na pikipiki na ndoo za samaki, nazungumzia Jumamosi saa nne hivi watu wamepungua. Nauli haifiki hata ya daladala. Unasimama upande wa baharini, meli ikiwa inaingia bandarini mnaisubiri ipite kwanza, jitu kubwa linapita kimyaaa mbele yenu na makontena juu. Nawaza sana pale. Ila kwako labda itakuwa mateso, utaanza kuyahesabu yale makontena 😂

Kwa siku za kazi nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, kutoka Posta unatembea kwa mguu. Mwalimu kaifungua Desemba 9, 1967, tena siku ya Uhuru, na mpaka leo ni moja ya sehemu chache mjini ambapo mtu akikupigia simu una haki ya kutopokea. Chukua daftari, gawa ukurasa, kwenda huku kubaki huku, uone upande gani unajaa wenyewe.

Mkatoliki_Pugu
Umeenda mbali ndugu. Huyu anakaa Chanika, msitu wa Kazimzumbwi uko mgongoni kwake. Sisi tunapanda Pugu kwenye kituo cha hija, watu wanafanya mafungo siku nzima hawaongei.

MamaWaChanika
Mimi muislamu ila msitu nimeupenda. Peke yangu naogopa lakini.

Mkatoliki_Pugu
Peke yako usiende, pitia kwa watu wa misitu wakupe muongozaji, mwambie mapema kwamba siku hiyo hutaki hadithi.

BabaWawili
Naomba nimtetee shemeji yetu kidogo. Mwanaume akiona mke kakaa kimya anajua kuna kesi inaandaliwa, yani tumbo linauma. Sisi tuna kijiwe, tunacheza drafti mpaka saa nne usiku hatuulizwi, nyie mkikaa tu tunahisi vibaya. Mwambie kabla hujakaa. "Baba fulani, leo baada ya kula nakaa nje nusu saa nawaza habari ya Tunduma, watoto wako kwako." Utashangaa.

Dada_Sinza
Nusu saa?? Nyie drafti mpaka saa nne halafu yeye nusu saa. Haya.

BabaWawili
Saa nzima basi 🙏

MamaWaChanika
Nimecheka hapa kwenye daladala watu wananiangalia. Jamani asanteni. Barua ya likizo nimeianza kuandika kwenye simu, kesho mchana naipeleka HR halafu naenda hapo Maktaba na daftari. Mume nimemwambia kwa meseji kama alivyoelekeza BabaWawili, kajibu "sawa, lakini Tunduma unaenda na nani?" kwaiyo naona kikao kingine hicho kinakuja, ila hiki nitakihudhuria.

Kama kuna mtu anapiga kliringi Tunduma aniambie kodi ya nyumba vyumba viwili na sebule ikoje, na shule za watoto.

Boda_ya_Kusini
Niko hapa Tunduma mwaka wa pili. Shule zipo, nyumba zipo, foleni ya malori ndo usiombe. Nakuja PM.