Nyumbani Desemba 🍌

Aneth 06:12
Shimbonyi wote. Leo tarehe 2. Mchango wa mbuzi na pombe ya mbege ni elfu hamsini kila nyumba, mwisho Ijumaa. Waliotoa: 1. Mimi. Orodha imeishia hapo.

Aneth 06:13
Bibi anachemsha ndizi za mbege tarehe 18. Zikishaiva kwenye pipa hazimsubiri mtu mwenye ulezi yuko Mbagala. Nadhani mhusika ananisikia.

Colman 08:40
Ulezi upo, nauli ndiyo haipo. Nauli za Desemba zinapanda Kilimanjaro hadi kilele cha Kibo bila mpagazi.

Mama Prisca 08:41
😂😂😂

Aneth 08:41
Sijauliza nauli. Umeshauloweka? Uote, uuanike, usage. Usituletee tena unga wa uji wa mtoto.

Shangazi Felista 08:55
Mwaka juzi tulikunywa uji wenye gome chungu la msesewe. Wageni wakasema asante kwa adabu tu.

Junior 10:20
Shikamooni. Nina kazi ya shule, mwalimu kasema tuulize nyumbani. Kwa nini kilele cha Mawenzi kimechongoka na cha Kibo ni cha mviringo?

Aneth 10:21
Junior subiri, tuna mambo ya maana hapa.

Colman 10:24
Andika. Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto. Kibo anampa moto na ndizi juu yake. Akitoka hapo anauzima mwenyewe njiani, anarudi, "jirani, umezimika", ili apewe ndizi tena. Mara ya tatu Kibo akashika mchi. Ndiyo maana Kibo ana mita 5,895, mwenzake 5,149 na mapengo.

Colman 10:25
Na sisi tunaye wetu. Panga alilokuja kuazima tangu Pasaka limezimikia njiani 🔥

Mama Prisca 10:26
😂😂 Colman!

Shangazi Felista 10:31
Colman, huyo ni baba yako.

Baba Mdogo Deo 12:05
Nimesoma.

Aneth 12:05
Baba mdogo shikamoo! Afadhali umekuja. Kwa upande wa mbuzi tulikuwa tunasema

Baba Mdogo Deo 12:09
Niseme mimi kwanza. Pasaka kidari kilikwenda nyumba ya nani? Mimi nililetewa shingo kwenye mfuko wa nailoni, mbele ya wakwe. Nikanyamaza. Sasa mimi ndiye Mawenzi. Na lile isale, mmea wetu wa mpakani, kule kwenye mfereji, sikuling'oa mimi.

Shangazi Felista 12:14
Deo, nani ametaja isale?

*Mama Prisca amebadilisha picha ya kikundi*

Aneth 12:40
Picha nzuri. Turudi kwenye ulezi.

Babu 15:02
🎤 Ujumbe wa sauti 0:41

Aneth 15:10
Kwa wasio na bando, Babu anasema hivi: "Mawenzi hakupigwa kwa kuomba moto. Moto ni wa kuombwa, hata mimi nimeuomba. Alipigwa kwa kudanganya. Mpakani nimekwenda asubuhi, shimo liko wazi, maji ya mfereji yanaingia humo. Bibi yenu nimemwambia asiwashe moto wa ndizi. Aliyeng'oa aje na isale mkononi, amelifunga fundo la kuomba msamaha. Akija nalo sitamuuliza neno. Asipokuja, kila mtu anywe soda kwake."

Junior 15:58
Kwa hiyo niandike alidanganya?

Mama Prisca 17:20
Nimetuma elfu ishirini. Iliyobaki mwisho wa mwezi.

Aneth 17:21
Asante. Babu, tarehe 18 inabaki?

Aneth 18:45
Babu?

Colman 19:30
Ulezi nimeuloweka. Kilo nne. Baba mdogo, lile la panga nilitania, nisamehe.

Baba Mdogo Deo 21:17
Colman, kule chini kwa bibi yako masale yale mazee bado yapo? Nauliza tu.

Aneth 21:18
Yapo baba mdogo, yapo mengi!! Unafika lini?

Aneth 21:50
Baba mdogo?

Eliya 23:31
Wapendwa nilikuwa safarini, sijasoma huko juu. Mbuzi ni mmoja au wawili?