Wauza skrini za magari Kariakoo, acheni kutuandikia 1920x1080 kwenye kioo cha 1024x600

Wakuu, huu ni wizi na nitauita wizi. Nimelipia skrini ya pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, nimepewa kioo cha 1024 kwa 600, na muuzaji ananikazia macho: "Kaka, si usome boksi, imeandikwa Full HD." Boksi nimelisoma. Ndilo linalosema uongo, na yeye anajua.

Kwa ambao hamjawahi kupita huku, niwaeleze. Noah yangu ilikuja na redio yake ya Kijapani: menyu za Kijapani, ramani ya Japani, na FM iliyogota kwenye 90 wakati stesheni za hapa zinakwenda mpaka 108. Kila aliyeagiza gari Japani anaijua adha hiyo. Wengi huishia kufunga redio ya Android. Mimi nikaamua kufunga kompyuta ndogo, Raspberry Pi, chini ya siti ya abiria. Inasoma joto la injini kupitia soketi ya OBD (ile fundi anayochomekea mashine ya kupima gari), inapiga muziki, inaonyesha kamera ya nyuma na inatoa ramani bila bando. Kilichobaki kikawa skrini tu, inchi 10.1, ya HDMI (waya unaopeleka picha kutoka kwenye kompyuta), ikae kwenye dashibodi.

Na kwa nini nahangaika na pikseli? Kwa sababu ya ramani. Ramani ya Dar iliyopo OpenStreetMap, ile ramani ya bure inayochorwa na watu wenyewe, si ya mchezo. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulipeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakatembea kwa miguu kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora vichochoro, mifereji, mpaka nyumba moja moja. Ukifungua Tandale kwenye ramani ile unaona njia ambazo hata bodaboda anaziingia kwa kuuliza. Kazi ya watu hiyo. Sasa iweke kwenye kioo chenye pikseli chache: majina ya mitaa yanakuwa ukungu, kichochoro na mfereji unashindwa kuvitofautisha. Ukiwa unaendesha huna muda wa kukodolea macho herufi.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyotupiga. Boksi halisemi kioo KINA pikseli 1920 kwa 1080. Linasema kinakubali. Kwa herufi kubwa utaona "1080P", na siku hizi wengine wanaandika mpaka "4K". Maana yake ni kwamba ile bodi ndogo nyuma ya kioo inapokea picha ya ukubwa huo kutoka kwenye kompyuta, halafu inaibana mpaka itoshee kwenye pikseli zilizopo. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kioo cha 1024 kwa 600 kina 614,400. Zaidi ya theluthi mbili ya ulicholipia kinatupwa kabla hakijafika machoni pako. Vile vya 800 kwa 480 ndiyo usiseme, pikseli 384,000 tu, na vinauzwa kwenye boksi lenye maandishi yale yale.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba skrini yenyewe inaidanganya kompyuta. Ukichomeka waya wa HDMI, skrini hujitambulisha: inatuma taarifa zake, mimi ni fulani, nataka picha ya ukubwa huu. Hizi za bei rahisi zimepangwa kiwandani zijitambulishe kama 1920x1080. Kompyuta inaamini. Ukiingia kwenye mipangilio unakuta 1920x1080 imeandikwa pale, muuzaji anakuonyesha kwa kidole: "Umeona bosi?" Nimeona nini? Nimeona skrini ikirudia uongo wa boksi.

Mimi sikuingia dukani kichwa kichwa. Nilimuuliza jamaa swali moja kwa lugha nyepesi: kioo chenyewe kina pikseli ngapi, siyo kinachokubali. Akajibu 1920 kwa 1080, bila kupepesa. Nikamwambia hata 1280 kwa 800 ya kweli ingenitosha, maana skrini iko umbali wa mkono, na kwa inchi 10.1 hiyo inatoa karibu pikseli 149 kwa inchi. Kwa umbali huo jicho zima haliombi zaidi. Akasisitiza, hapana, hii ni kubwa kuliko hiyo, chukua hii. Nilichopewa kina kama 117 kwa inchi. Yaani nilikuwa tayari kununua kidogo cha kweli, akaona bora aniuzie kikubwa cha uongo.

Niliporudi, nikaonyeshwa mhuri kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hiyo sentensi iko duka hadi duka pale Gerezani na Msimbazi kama vile ni sheria ya nchi. Sheria ya nchi ni Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo hapa hapa Dar. Malalamiko yangu nayapeleka huko, pamoja na picha za boksi na picha za kioo. Mwenye kesi kama yangu aje tuyapeleke pamoja, yakiwa mengi yana uzito.

Namna ya kuwakamata ni hii, shikeni. Usiangalie mipangilio, usiangalie boksi, usiangalie video ya ndege na maua wanayokuwashia, maana ile huonekana nzuri kwenye kioo chochote. Tengeneza picha ya 1920 kwa 1080 yenye mistari ya wima, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mstari upana wa pikseli moja. Iweke kwenye kompyuta yako, nenda nayo dukani, ifungue ijae skrini nzima bila kukuzwa wala kupunguzwa. Kioo halisi kitaonyesha mistari iliyokatika safi, ukisogeza jicho karibu unaihesabu. Kioo cha uongo kinaonyesha kijivu kilichochafuka, chenye mawimbi mawimbi. Hakuna muuzaji anayeweza kubishana na picha ile. Nilipoipiga kwenye skrini yangu, mawimbi matupu. Nikailazimisha kompyuta itoe 1024 kwa 600, na mistari ya ukubwa huo ikasimama wima kama askari. Hapo ndipo ukweli wa kioo ulipojulikana, na hata herufi zikatulia. Ambao mmeshapigwa kama mimi fanyeni hivyo, angalau msome.

Halafu kuna suala la mwanga, ambalo hakuna hata mmoja wao anayeligusa. Uliza niti ngapi (kipimo cha mwangaza wa skrini), wanakutazama kama umetukana. Skrini nyingi za aina hii ni za mezani, niti 300 hivi, zimevalishwa fremu ya gari. Ndani ya duka lenye giza zinawaka vizuri. Toka nayo. Sisi wa Tegeta na Bunju tunaotumia barabara ya Bagamoyo, asubuhi unashuka mjini jua la mashariki liko kushoto kwako, jioni unarudi jua la magharibi liko kushoto tena. Usukani uko kulia, skrini iko katikati, jua linapita dirisha la abiria linatua juu ya kioo, kwenda na kurudi. Kwa hali hiyo unataka niti 800 kwenda juu, na uso usiong'aa kama kioo cha kujitazamia. Yangu ikifika Mbezi Beach saa mbili asubuhi ni bamba jeusi. Kamera ya nyuma siioni, na watoto wa shule wanapita nyuma ya gari.

Na iwe IPS, tafadhali, kioo cha aina isiyogeuza rangi ukikitazama kwa pembeni. Sisi tunaitazama skrini kwa upande, hatukai mbele yake. Kioo cha aina ya TN ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka, nyeusi inakuwa kijivu. Ukipima dukani kaa kulia kwake, chini ya kimo cha jicho, kama ilivyo garini. Joto nalo: vioo vilivyotengenezwa kwa magari hustahimili mpaka nyuzi 85, vya mezani mara nyingi mwisho ni 50 au 60. Gari likilala juani Posta mchana kutwa, dashibodi inavuka hapo bila shida, na kioo kinaweza kuwa cheusi mpaka kipoe.

Mtaniambia ninunue cha bei ya juu. Sina ugomvi na kioo chenye pikseli chache. Wenye Raspberry Pi wenyewe walitoa skrini yao ya inchi 7 mwaka 2015, ina 800 kwa 480, na wakaandika 800 kwa 480. Aliyeitaka alijua anachonunua. Ugomvi wangu ni na huyu anayechukua kioo cha 1024, anakibandika 1920, anachaji bei ya 1920, halafu ananiita mimi mbishi.

Kwa hiyo wauzaji mnaosoma hapa: bado natafuta. Inchi 10.1, kioo chenyewe 1280 kwa 800 au zaidi, IPS, niti 800 kwenda juu, tundu la HDMI, umeme wa volti 12. Mwenye nayo aweke bei hapa hapa, na aniruhusu nije na kompyuta yangu niipime mlangoni, kwenye jua, kabla sijatoa hela.