Mjadala: Karatasi za masijala ziteketezwe zikishaskaniwa?

Mtunza Masijala: Ofisi nyingi hapa Nairobi zinaskani mafaili, na swali ni lile lile: karatasi iende kwenye mashine ya kukatakata au irudi rafuni? Nasema isiguswe mpaka nakala ya kidijitali ihakikiwe ukurasa kwa ukurasa. Kwa ofisi ya umma hakuna hata la kubishania. Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, ya tangu 1965, hairuhusu kumbukumbu za umma ziharibiwe bila idhini ya Mkurugenzi wa Nyaraka.

Mhasibu, Industrial Area: Ndugu, kampuni binafsi haibanwi hivyo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inadai miaka 5. Kwa nini tulipie ghala miaka 20, mchwa na unyevu vikila taratibu? Tena kuna karatasi zisizofika hata hiyo mitano. Risiti ya karatasi ya joto, ile inayochapwa kwa joto bila wino, hufifia yenyewe, na ikikaa juani au ndani ya mfuko wa plastiki hufifia upesi zaidi. Hapo skani ndiyo inayobaki.

Fundi wa Seva: Risiti ziskaniwe siku ile ile zinapoingia, hapo tuko pamoja. Lakini tuangalie ubanaji wa picha, yaani kupunguza ukubwa wa faili. Mwaka 2013 David Kriesel wa Ujerumani alionyesha kuwa mashine kadhaa za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu: 6 inatoka ikiwa 8. Ubanaji uliotumika, uitwao JBIG2, hulinganisha maumbo ya herufi, huhifadhi moja, kisha huibandika popote panapofanana nayo. Ukurasa unatoka safi kabisa, ndiyo maana jicho haligundui. Kwa mhasibu, tarakimu moja ni kesi nzima.

Basi zimeni ubanaji unaopoteza data. Skanini kwa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 utakuwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani megabaiti 8.7 hivi kwa rangi ya kijivu kabla ya kubanwa. Kurasa milioni moja ni terabaiti 8.7, na diski moja ya leo inazibeba. Hakuna sababu ya kubana mpaka tarakimu zipotee. Nakala ya kusomea iwe PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi muda mrefu, kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2005: hubeba fonti zake ndani na haikubali nywila.

Mtunza Masijala: Makosa mengi hutokea kabla ya skana kuwaka. Pini isipotolewa, karatasi mbili huvutwa pamoja na moja inapotea bila mtu kujua. Upande wa nyuma wenye maelezo ya mkono husahauliwa. Dawa yake: hesabuni kurasa kwa mkono, za mbele na za nyuma zenye maandishi, andikeni idadi kwenye jalada la fungu, kisha mlinganishe na idadi ya picha. Zikipishana, fungu lote lirudiwe. Na faili lenye jina "scan0047" limepotea hata kama lipo. Lipewe namba ya jalada, tarehe, idara, na tarehe ya kufutwa.

Wakili: Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakubali rekodi ya kielektroniki, ila kwa cheti kinachoeleza ilivyotengenezwa na kwa kifaa gani, kikiwa na saini ya mhusika. Kama hakuna daftari la nani aliskani nini na lini, nani atatia saini? Pia mtu akikana saini yake, mtaalamu hutaka wino na mkandamizo wa kalamu, na picha haina mkandamizo. Wosia na mikataba ya dhamana ibaki kwenye karatasi.

Mhasibu, Industrial Area: Wakili, hizo ni chache. Vipi nakala za vitambulisho vya wafanyakazi walioondoka zamani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kuweka taarifa za mtu kupita haja.

Wakili: Kweli kabisa, hilo nalikubali. Ila ukifuta, futa kote: ghalani, kwenye seva na kwenye nakala rudufu.

Fundi wa Seva: Hizo nakala rudufu ziwe 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 iwe nje ya jengo. Nakala inayojisawazisha yenyewe haitoshi, maana kirusi kikifunga mafaili, nayo inafungwa dakika hiyo hiyo. Kila faili lipigiwe hesabu ya SHA-256, aina ya alama ya kidole ya faili inayobadilika data ikibadilika hata kidogo, siku linapoingia, irudiwe kila robo mwaka. Wenye kuhifadhi kwenye kanda za sumaku za LTO wakumbuke kuwa zina vizazi: mashine ya LTO-8 husoma kanda za LTO-7, haisomi za LTO-6. Hamisheni kabla mashine ya zamani haijafa.

Pendekezo langu: kabla ya kukata hata karatasi moja, chagueni mafaili 50 bila mpangilio, myarudishe kutoka nakala ya nje kwenye kompyuta nyingine, myalinganishe na karatasi zake. Likikosekana moja, hakuna kukata.

Mhasibu, Industrial Area: Jaribio hilo nalikubali, mradi lipewe tarehe. Siku 90 tangu fungu likamilike, kisha karatasi itoke.

Mtunza Masijala: Siku 90 sawa kwa ankara. Kumbukumbu za mikutano ya bodi sikubali zitoke kamwe.