Bomba la kumlishia baba linanuka uchachu, nalisafishaje?

Binti wa Ipuli:
Wakuu, shikamooni. Baba alipata kiharusi, kumeza hawezi, tumeruhusiwa akiwa na mpira wa puani. Tunamlisha uji na maziwa kwa bomba la sindano lile kubwa. Wodini tulionyeshwa mara moja, haraka haraka, siku ya kuondoka. Sasa bomba linanuka uchachu hata nikiliosha, na jana mpira uligoma kupitisha. Jirani anasema nimimine soda, itazibua. Friji hatuna, uji naupika asubuhi naweka kwenye thamosi hadi jioni. Bomba nilichemshe? Nitumie chumvi? Naombeni msaada, hapa Tabora niko peke yangu na mzee.

Mama Kihonda:
Marahaba mwanangu, pole sana. Nimemuuguza mama yangu na mpira wa tumboni, yeye alikuwa na saratani ya umio. Mpira wake ni tofauti na wa baba yako, ila usafi wa vyombo ni uleule.

Thamosi iache leo hii. Ikifika saa 8 mchana ule uji umeshakuwa vuguvugu, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Kama huna friji, pika wa mlo mmoja, uchuje kwa chujio la chai ili usibaki na chenga. Ukikaa nje zaidi ya saa 2, mwaga. Najua inauma, maziwa ni hela. Lakini mzee aliyelala kitandani akishikwa na kuhara, maji yanamwisha mwilini upesi na hawezi hata kukuambia ana kiu.

Sasa harufu. Chomoa kile cha kusukumia kitoke chote. Itazame raba ya mbele: ina mikunjo, na pembeni yake utakuta utando mweupe unaoteleza. Ndio unaonuka. Kuosha bila kuvichomoa ni kuosha nje tu. Osha kila baada ya kulisha, kabla maziwa hayajakauka: maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, kiburashi ndani, na maji ya sabuni yapite mpaka kwenye ncha. Suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usifute kwa kitambaa cha jikoni. Viache vimeachana juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe, kisha weka kwenye kopo lenye mfuniko. Usichemshe kama pakiti haisemi linachemshika, plastiki itapinda na raba itaharibika. Chumvi haina kazi hapo. Raba ikianza kukwama au namba zikifutika, nunua jipya.

Usisahau mdomo wa mpira wenyewe. Fungua kifuniko, utaona uji umeganda kama pete. Futa kwa pamba ya kijiti iliyoloa maji yaliyochemshwa.

Soda hapana! Ina asidi, inagandisha maziwa humo humo ndani. Mpira ukigoma, weka maji ya vuguvugu, vuta na sukuma taratibu, subiri dakika chache, rudia. Usitumie nguvu, wala waya. Bora usizibe: kama wodini hawakukupa kipimo kingine, mililita 30 za maji kabla ya mlo na baada yake, na maji kidogo kati ya dawa na dawa. Vidonge visage kimoja kimoja, ila muulize mfamasia kwanza, kuna visivyosagwa.

Nesi Zamu ya Usiku:
Mama kamaliza upande wa vyombo. Wa puani una hatari yake: ukihama, uji unaweza kwenda mapafuni. Kabla ya kila mlo tazama alama pale unapotokea puani, ikisogea, usimlishe. Mulika mdomoni kwa tochi ya simu uone haujajikunja kooni. Kama mlipewa karatasi za kupimia, vuta majimaji ya tumboni upime, pH (kipimo cha asidi) iwe 5.5 au chini yake. Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo, au kutumbukiza ncha kwenye maji uone mapovu, usitegemee, hata kama kuna mtu kakufundisha hivyo.

Alishwe kichwa na kifua vikiwa vimeinuka, nyuzi 30 au zaidi, na abaki hivyo kama saa 1. Akikohoa au kuhema kwa shida, acha hapo hapo. Mpira ukichomoka usiurudishe mwenyewe, mpeleke hospitali.

Binti wa Ipuli:
Mungu awabariki. Nimeichomoa raba sasa hivi, utando upo kweli! Na meno je, wakati hali kwa mdomo?

Mama Kihonda:
Asubuhi na usiku, bila kukosa. Mdomo usiotafuna hukauka, unajaa uchafu, na mate hayo yakishuka mapafuni yanaleta nimonia. Mkalishe, mswaki laini, dawa ya meno kidogo mno, kisha futa kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu ili asipaliwe. Ukimaliza, angalia ngozi chini ya plasta ya puani. Ikiwa nyekundu, waambie kliniki wakuonyeshe pa kuibandika upya.