Mrejesho: malipo ya mkandarasi niliyoyazuia, nyumba ya Kisauni

Asalaam alaykum. Niliuliza kama ningeweza kuzuia malipo ya mwisho ya mkandarasi aliyepasua ukuta wa jirani na kuacha paa likivuja. Kama mlivyonishauri, msanifu majengo alikagua na kukadiria gharama ya kila kasoro, nami nikampa mkandarasi notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, kama mkataba wetu unavyotaka. Paa amelitengeneza, ukuta ameukana katakata. Kwa hiyo nimelipa salio lote isipokuwa gharama ya ukuta huo, maana kushikilia fedha zote kwa kasoro moja kungeweza kunifanya mimi niwe mvunja mkataba. Anatishia kushtaki. Na ashtaki: dai lisilozidi shilingi 1,000,000 husikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyopo hapa hapa Mombasa, na nyaraka zote ninazo.